Nani alimfundisha mganga wa ngozi kushika kisu?

Kila mwaka tarehe 13 Juni inapokaribia, redio zetu za Kivu zinaongea juu ya watu wenye ualbino. Umoja wa Mataifa uliiweka siku hiyo mwishoni mwa mwaka 2014, na tangu 2015 inaadhimishwa. Tunaongea juu ya ubaguzi, juu ya imani mbaya, juu ya wale wanaowindwa kama wanyama. Ni vizuri tuongee. Lakini kuna muuaji mwingine ambaye hasikiki sana kwenye maikrofoni, naye anaua polepole na bila kelele: kansa ya ngozi.

Kansa hii, ikikutwa mapema, dawa yake ya kwanza ni kisu. Wala haihitaji kila mara chumba kikubwa cha operesheni. Mara nyingi sindano ya ganzi, kisu kidogo, uzi na saa moja vinatosha. Kinachokosekana ni mkono uliofundishwa. Ndugu msomaji, leo tufuate historia ya mkono huo: ulianzia wapi, ulifundishwa na nani, ulifikaje karibu na mlango wetu, na kwa nini bado haujaingia ndani ya nyumba.

Jua, ngozi na mizizi

Ngozi ya mtu mweusi ina rangi inayoitwa melanini. Rangi hiyo ni mwavuli. Mtu mwenye ualbino anazaliwa bila mwavuli huo, au ana kidogo sana. Sisi tunaishi karibu na ikweta, na juu ya hapo Bukavu na Goma ziko kwenye mita karibu 1,500 juu ya bahari. Baridi ya asubuhi inatudanganya. Mahali pa juu, hewa ni nyembamba na mionzi ya jua inayochoma inapita kwa nguvu zaidi, hata siku ya mawingu.

Kansa za ngozi ziko za namna nyingi, lakini tatu ndizo zinazotajwa sana. Kuna karsinoma ya seli za msingi, inayokwenda taratibu na ambayo mara chache sana inahamia sehemu nyingine za mwili, ila inakula pua, jicho na sikio ikiachwa. Kuna karsinoma ya seli bapa, ambayo inaweza kufika kwenye tezi za shingo na kuua. Na kuna melanoma, iliyo kali kuliko hizo mbili. Kwa watu wenye ualbino wa Afrika, ile ya seli bapa ndiyo inaonekana zaidi, na inaanzia kichwani, usoni na shingoni, mahali jua linapopiga.

Kule Ulaya na Amerika ya Kaskazini wanahesabu mtu mmoja mwenye ualbino kati ya watu 17,000 mpaka 20,000. Kwa Tanzania, hesabu inayotajwa mara nyingi ni mmoja kati ya 1,400. Mwaka 1985 waganga wa Dar es Salaam walitangaza uchunguzi wa watu 350 wenye ualbino wa mji huo. Walionyesha kwamba ngozi inaanza kuharibika tangu utoto kabisa, na kwamba kansa kubwa zinawakuta vijana wenye miaka 20 na 30. Watu walikuwa wakisema mtu mwenye ualbino hazeeki kwa sababu ya siri za mizimu. Uchunguzi ule ulionyesha kwamba siri iko kwenye jua.

Sasa, ugumu wa kukata kansa ni upi? Mkulima yeyote wa kwetu anaweza kuuelewa. Ukilima sangari kwenye shamba, ukakata majani ya juu tu, wiki mbili baadaye inarudi. Mizizi yake inatambaa chini ya udongo, kwa upande usioufikiria. Kansa ya ngozi iko vilevile: kidonda unachokiona ni majani. Mganga akikata kidogo, kansa inarudi. Akikata sana, mgonjwa anabaki bila pua au bila kope la jicho. Historia yote ya ufundi huu ni historia ya swali moja: mizizi inaishia wapi?

Mwanafunzi wa Wisconsin

Jibu la kwanza lenye nguvu lilitoka kwa kijana aliyekuwa bado anasomea uganga. Frederic Mohs alizaliwa 1910 katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alikuwa akisaidia kazi za utafiti za Michael Guyer, profesa wa zoolojia katika chuo kikuu cha jimbo hilo, mjini Madison. Walikuwa wakijaribu dawa mbalimbali kwenye uvimbe wa panya. Siku moja waliona kwamba kloridi ya zinki inafanya jambo la ajabu: inaua nyama ya mwili, lakini haivurugi umbo la seli zake. Ukiitazama ile nyama kwenye mikroskopi, unaona kila kitu mahali pake, kama vile imehifadhiwa kwa kazi ya labo.

Mohs akafikiri hivi: kama ninaweza kuikausha kansa ikiwa bado iko mwilini, basi ninaweza kuikata tabaka moja, nikaitazama upande wa chini wote, nikachora ramani yake, kisha nikarudi kukata pale tu ambapo mzizi umebaki. Akatengeneza pomadi ya kloridi ya zinki, akiichanganya na madini ya stibnaiti na unga wa mzizi wa mmea mmoja wa Amerika. Mwaka 1936 alianza kuwatibu watu. Mwaka 1941 alitangaza matokeo ya wagonjwa 440.

Njia hiyo ilikuwa na mateso yake. Pomadi inapakwa, mgonjwa anarudi nyumbani kusubiri mpaka kesho yake, na usiku anaumwa. Kisha tabaka linatolewa, na kama mzizi bado uko, pomadi inapakwa tena. Kwa wengine ilichukua siku nyingi. Zaidi ya hapo, wapasuaji wengi hawakumkubali. Pomadi ziliwakumbusha matapeli waliokuwa wakiuza dawa za kuchoma kansa sokoni. Mohs mwenyewe alikuwa mpasuaji, lakini wapasuaji wenzake walimwacha peke yake, na wale waliokuja kukaa karibu naye na kujifunza walikuwa hasa waganga wa ngozi. Hapo ndipo kisu kilianza kuhamia kwenye mikono ambayo zamani ilijulikana kwa kuandika pomadi na vidonge.

Mwaka 1953 Mohs alikuwa akitengeneza filamu ya kuonyesha kazi yake, na mgonjwa wa filamu hiyo alikuwa na kansa kwenye kope la jicho. Kusubiri pomadi kungechelewesha kazi ya kamera. Basi akachoma sindano ya ganzi, akakata nyama ikiwa mbichi, akaigandisha kwa baridi, akaikata nyembamba na kuitazama palepale. Ikawezekana. Miaka zaidi ya 20 baadaye, mwaka 1974, waganga wa ngozi wawili wa California, Theodore Tromovitch na Samuel Stegman, walitangaza matokeo yao ya njia hiyo bila pomadi. Tangu hapo pomadi ikaanza kusahaulika, na kazi ya siku nyingi ikawa kazi ya siku moja.

Shule inazaliwa

Ufundi mzuri unaobaki kichwani mwa mtu mmoja unakufa naye. Mwaka 1967 waliojifunza njia ya Mohs waliunda chama chao. Mmoja wao, Perry Robins wa Chuo Kikuu cha New York, alianzisha mafunzo ya mwaka mzima kwa mganga ambaye amekwisha kuwa bingwa wa ngozi. Utaratibu huo wa mwaka mmoja ndio ulioenea katika vyuo vingine.

Kwa nini mwaka mzima, kwa mtu ambaye tayari ni bingwa? Kwa sababu kazi hii inaunganisha watu wawili katika mtu mmoja. Kwa kawaida mpasuaji anakata, kisha mtu mwingine wa labo anatazama. Tena labo inachukua vipande vichache tu vya kile kilichokatwa, kama mtu anayekata mkate mahali pawili au patatu na kusema mkate wote hauna ukungu. Katika njia ya Mohs, yule aliyekata ndiye anayesoma kipande, na anatazama ukingo wote, chini na pembeni. Ndiyo maana karsinoma ya seli za msingi ambayo haijatibiwa kabla, ikikatwa kwa njia hii, hairudi kwa karibu watu 99 kati ya 100 ndani ya miaka 5.

Kisha kuna kuziba shimo. Mwanafunzi anajifunza kuvuta ngozi ya shavu ifunike pua, kuhamisha ngozi ya nyuma ya sikio, kushona mdomo ili mtu aweze bado kunywa maji bila kumwagika. Anajifunza pia mahali ambapo neva zinapita karibu na juu. Pembeni ya uso, kati ya jicho na nywele, kuna neva ndogo. Ukiikata, nyusi inaanguka na hairudi juu. Upande wa shingo kuna nyingine. Ukiikata, bega linashuka na mtu hawezi tena kuinua mkono vizuri. Mambo haya hayajifunzwi kwa kusoma kitabu peke yake. Unasimama karibu na mwalimu, anakushika mkono, mpaka siku anakuacha.

Mwaka 2003 baraza linalosimamia mafunzo ya waganga Marekani lilianza kuyatambua rasmi mafunzo haya. Na mwaka 2021 ukafanyika mtihani wa kwanza wa taifa wa cheti chake. Cheti hicho kilileta mabishano makali. Waganga wengi wa ngozi walikuwa wamekata kansa kwa miaka bila kupita mwaka ule wa ziada, na waliogopa kwamba kesho wataambiwa hawafai. Wengine walijibu kwamba mgonjwa ana haki ya kujua nani kafundishwa. Basi kwa miaka ya kwanza, wale waliokuwa kazini wakaruhusiwa kufanya mtihani hata bila mwaka ule.

Tukumbuke mabishano hayo. Kule walibishana kama bingwa anatosha. Kwetu swali ni kama tutakuwa na mtu yeyote.

Njia nyingine, chini ya Kilimanjaro

Kama historia ingeishia Marekani, isingetufaa sana. Mashine ya kugandisha nyama, fundi wa kuikata nyembamba, umeme usiokatika, bingwa mwenye miaka mingi ya masomo: mkusanyiko huo ni mgumu kuupata hapa. Lakini kuna njia ya pili, na hiyo iko karibu nasi. Iko Moshi, Tanzania.

Hopitali ya KCMC ilifunguliwa huko mwaka 1971. Mwaka 1992, ndani ya uwanja wake, kilianza Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Ngozi. Kilizaliwa kwa mapatano ya serikali ya Tanzania, hopitali yenyewe na taasisi ya kimataifa ya waganga wa ngozi. Kiongozi wake wa kwanza alikuwa Mjerumani, Henning Grossmann.

Walioanzisha kituo walifanya hesabu rahisi. Magonjwa ya ngozi yako katika kila kijiji, na wakati ule ukimwi ulikuwa ukiyaongeza. Waganga bingwa wa ngozi walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, tena wamekaa katika miji mikubwa. Ukingojea mabingwa watoke fakulte, watu wamekwisha kufa. Basi wakaamua kuanza na wale waliokuwa tayari wako karibu na watu: maafisa tabibu, yaani watu wa ngazi iliyo kati ya muuguzi na daktari. Walichukuliwa wenye uzoefu wa kazi, wakafundishwa miaka 2 juu ya ngozi, ukoma na magonjwa ya zinaa, kisha wakarudishwa kwao. Wanafunzi wametoka nchi zaidi ya 10 za Afrika. Baadaye kituo kikaongeza masomo ya madaktari wanaotaka kuwa mabingwa kamili.

Moshi haikuweza kuyakimbia maswali ya ualbino. Wagonjwa walikuja na vidonda vikubwa vilivyokuwa vimechelewa. Kituo kikaanza kutoka nje, gari likienda vijijini na kliniki za watu wenye ualbino, kutazama ngozi zao kabla kidonda hakijakua. Na kisu kikaingia katika mafunzo: kukata kansa kwa sindano ya ganzi, kuhamisha ngozi, kushona. Waganga wa ngozi kutoka Hispania wamekuwa wakija kupasua pamoja na wenyeji, na kazi hiyo imekuwa darasa pia.

Hapo hakuna njia ya Mohs. Kuna kanuni ambayo utafiti wa Mohs na wanafunzi wake ulisaidia kuipima: ukingo wa ngozi nzima unaokatwa pamoja na kidonda. Kwa kansa ndogo isiyo na hatari kubwa, milimita 4 za ngozi inayoonekana nzima kuzunguka kidonda. Kwa ile yenye hatari, milimita 6 au zaidi. Kisha kipande kinapelekwa labo ili ijulikane kama mizizi yote imetoka. Hivi ndivyo kazi ya panya wa Wisconsin ilivyofika, kwa njia ya kuzunguka, mpaka kwenye meza ya mtu aliyeanza kazi kama afisa tabibu wa wilaya.

Moshi pia walielewa kwamba kukata bila kukinga ni kuchota maji kwa kikapu. Mfamasia Mhispania, Mafalda Soto, alishirikiana na kituo kutengeneza kremu ya jua palepale, iitwayo Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kremu ya dukani inauzwa kwa bei ya mtalii. Hii ilitengenezwa kwa ngozi ya mtoto anayetembea kwenda shule saa sita za mchana.

Na sisi Kongo?

Kwetu, sauti iliyopigwa kwa nguvu juu ya ualbino haikutoka kwanza hopitalini. Ilitoka kwenye uwanja wa mieleka. Mwimba Texas, mpiganaji wa Kinshasa mwenye ualbino, alitumia jina lake kuunda shirika la kuwatetea wenzake, na kuwaambia watu waziwazi kwamba kansa ndiyo inayowamaliza. Alifanya kazi ambayo wasomi wengi hawakuifanya.

Lakini kisu hakijafuata sauti. Waganga bingwa wa ngozi katika nchi yetu kubwa ni wachache sana, na wengi wao wako Kinshasa. Mtu wa Shabunda au wa Fizi mwenye kidonda sikioni anapita njia ambayo wote tunaijua. Kwanza majani. Kisha kituo cha afya, wanampa antibiotiki. Kidonda hakiponi, wanampa nyingine. Miezi inapita. Mwisho anafika hopitali kuu ya zoni ya afya, ambapo daktari wa kawaida, aliyesoma kila kitu kidogokidogo, anafanya anachoweza. Na mara nyingi kile kipande kilichokatwa hakifiki labo, kwa sababu labo iko mbali na familia haina pesa. Mgonjwa anashonwa, anashukuru, anarudi nyumbani na mizizi yake.

Sisemi haya kuwalaumu waganga wa vijijini. Mtu hawezi kulaumiwa kwa ufundi ambao hakuna aliyemfundisha. Ninasema kwa sababu historia hii ina somo. Marekani walianza na mtu mmoja aliyedharauliwa, ikawachukua miaka zaidi ya 60 kufika kwenye mafunzo yanayotambuliwa rasmi. Moshi hawakungoja miaka 60. Waliuliza: kazi hii ina sehemu gani ambazo mtu mwenye akili na mkono mtulivu anaweza kufundishwa kwa miaka 2? Wakazifundisha hizo, na zile ngumu wakamwachia bingwa.

Kuna watakaosema ni hatari kumpa mwuguzi wa A1 kisu cha usoni. Hoja hiyo ina uzito, na zile neva nilizozitaja zinaipa nguvu. Lakini mafunzo mazuri yanamfundisha mtu pia pa kusimama: kidonda kidogo cha mkononi au mgongoni, kata, kilicho kwenye kope, mdomo au karibu na neva, mpeleke mbele leo, usingoje mwezi ujao. Hatari iliyo kubwa zaidi ni hii ya sasa, ambapo kidonda cha ukubwa wa punje ya mahindi kinaachwa mpaka kinakuwa kama ngumi.

Mwaka 2022 nchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Tumesikia mengi juu ya forodha na jeshi. Tumesikia machache juu ya vyuo. Kikwazo cha lugha kipo: Moshi wanafundisha kwa Kiingereza, sisi tumesoma kwa Kifaransa. Lakini mgonjwa wa Moshi na mgonjwa wa Uvira wanaelezea maumivu yao kwa Kiswahili kimoja. Zoni ya afya ikituma watu wawili tu, wakarudi, wakafundisha wengine, mkoa mzima utaona tofauti. Jambo la kuwauliza wakubwa wetu wa afya ni kama diploma hiyo itatambuliwa hapa, na kama anayerudi atapangwa kwenye kazi aliyosomea au atawekwa tena kwenye zamu ya kawaida.

Wakati tunangoja majibu, kuna mambo ambayo hayangoji. Mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu, na mwalimu amketishe mbali na dirisha lenye jua, karibu na ubao kwa sababu macho yake pia hayaoni mbali. Kidonda kisichopona ndani ya mwezi mmoja, gamba linalotoka damu na kurudi, uvimbe mgumu unaokua, visiachiwe pomadi ya sokoni. Na siku mganga akikukata kitu kwenye ngozi, iwe wewe ni mweusi au una ualbino, muulize kwa heshima swali moja: kipande hiki kinapelekwa wapi, na nani atanipa jibu lake?